Sisimizi Nyumbani na Shambani: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita makala haya yalimhusu mchwa, ambaye kwa nasaba yuko karibu zaidi na mende kuliko na sisimizi. Leo ni zamu ya sisimizi wenyewe, wale wanaopanga foleni kutoka kwenye ufa wa ukuta hadi kwenye kopo la sukari.

Mwenye nyumba akiwaona hukimbilia dawa ya kupuliza. Mstari mzima hufa papo hapo, na kesho yake mwingine upo palepale. Wanaofika mezani ni vibarua tu, sehemu ndogo ya kundi. Malkia anayetaga mayai yuko kiotani, chini ya sakafu au ndani ya ukuta, na dawa haimfikii. Kwa aina moja ya sisimizi wadogo wa manjano, maarufu kwa kuvamia hospitali, kupuliza huzidisha balaa. Kundi lao lina malkia wengi, na likishtuliwa hugawanyika, kila kipande kikaanzisha kiota chake.

Kinachofaa ni chambo. Gramu 1 ya asidi ya boriki na gramu 10 za sukari hukorogwa katika mililita 100 za maji. Sumu ikizidi, kibarua hufa njiani. Ikiwa ya kadiri hii, hurudi kiotani tumbo limejaa na kuwatapikia wenzake mdomoni, nao huwalisha malkia na watoto. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, pengine wiki kadhaa, na muda huo wote foleni isiguswe. Chambo kiwekwe mahali ambapo mtoto na paka hawafiki. Foleni ikikatika, njia isuguliwe kwa maji ya sabuni, kwa sababu sisimizi hufuata harufu iliyoachwa na waliotangulia. Kabati la chakula nalo lisimamishwe miguu yake ndani ya makopo ya maji, kama ilivyofanywa zamani.

Shambani hesabu hubadilika, na huko ndiko kosa kubwa hufanyika: kuwatia sisimizi wote katika kapu moja la maadui.

Mfano ni majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe, mchungwa au mkarafuu kwa nyuzi za hariri zinazotoka kwa watoto wao. Wakwezi hawawapendi, na kuumwa nao juu ya mnazi si jambo dogo. Lakini majimoto huwinda karibu kila mdudu anayekanyaga mti wao, akiwamo yule anayefyonza vidaka vya nazi hadi vikapukutika. M. J. Way, mtafiti wa Kiingereza aliyefanya kazi Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950, alionyesha kwamba minazi yenye majimoto wengi hunusurika na mdudu huyo, ambaye jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, limetokana na la mtafiti mwenyewe. Wakulima wa machungwa wa China wamewatumia jamaa wa majimoto kulinda miti kwa zaidi ya miaka 1,000.

Adui wa majimoto ni sisimizi mwingine, mdogo, wa kahawia, ambaye askari wake wana kichwa kikubwa kupita kiasi. Huyu huishi ardhini, na ndiye anayesukuma vichuguu vya mchanga kutoka kwenye nyufa za baraza. Akipanda mnazi huwafukuza majimoto, lakini mdudu wa vidaka hamgusi, kwa hiyo mkulima hupoteza mlinzi asipate badala yake.

Madhara yake hayaishii pwani. Huko Laikipia, Kenya, amewaua sisimizi waliokuwa wakiilinda migunga dhidi ya tembo. Tembo wameivunja miti, nyika imebaki wazi, na simba wamekosa maficho ya kuwanyemelea pundamilia. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulionyesha kuwa pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka 2003, wakashuka hadi 42 mwaka 2020, huku simba wakigeukia nyati.

Mwenye minazi au michungwa afanye nini? Kwanza, asipulize sumu ovyo, maana majimoto ndio hufa mapema. Pili, afunge kamba kutoka mti hadi mti, majimoto wapite juu bila kushuka ardhini. La tatu litawashangaza waliozoea kusifiwa kwa shamba safi: palizi isiache ardhi tupu. Katika michungwa ya Tanzania imeonekana kwamba chini pakiwa peupe kabisa, yule wa kichwa kikubwa hupanda mitini na kuwaondoa majimoto. Yakiachwa majani yaliyofyekwa kwa kiasi, yeye hubaki chini na wote wawili wakaishi shamba moja.

Wiki ijayo: siafu, na kwa nini kaya nyingine huwapisha wapite nyumba nzima.