Jina la Mtoto na Masikio ya Watu

Katika daftari la mahudhurio majina husomwa kabla ya nyuso kutazamwa. Huyu Lusajo, huyu Tabu, huyu Agnes. Na moyo wa msomaji, mtoto asijaitika bado, umekwisha kukata shauri.

Upande wa Rungwe jina la Kinyakyusa mara nyingi ni neno zima la shukrani. Atupele maana yake ametupa, Tuntufye, tumsifu, Lugano ni upendo. Basi Lugano akipigana uwanjani, wenyeji humlaumu kuliko mwenziwe, kana kwamba amevunja ahadi asiyoiweka yeye. Lakini akivuka kwenda Iringa, Mhehe husikia sauti ngeni tu.

Wako na wenye majina mazito: Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko. Mzazi alikumbuka njaa au msiba wa siku zile, wala hakumlaani mtoto. Nalimjua binti mmoja wa namna hiyo, aliyekaa nyuma darasani. Mwalimu wake alimdhania mzito wa akili, hata muhula ukaisha asimwulize swali. Alipokuja mwalimu mwingine, aliyeuliza watoto kwa zamu, binti yule alionekana hodari wa hesabu. Je, ni wangapi wasiopata mwalimu wa pili?

Mtazameni Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Jina lake lilikuwa Mkwavinyika, yaani mtekaji wa nchi nyingi, na midomo ya watu ikalifupisha. Wengi walitajao leo hawajui maana yake, nao husikia ushujaa ndani yake kwa ajili ya vita vya Lugalo vya mwaka 1891, na kufa kwake mwaka 1898. Matendo ndiyo yaliyolijaza jina. Hata Nyerere, kwa Kizanaki, ni kiwavi. Nani aliyemdharau Mwalimu kwa hilo? Naye alipobatizwa mwaka 1943 akaitwa Julius, jina la Kambarage halikufutika.

Wazazi hutuuliza kama jina la nyumbani litupwe siku ya ubatizo. Mimi sioni sababu. Tusajigwe, yaani tumebarikiwa, lamtaja Mungu wazi kuliko majina mengi ya Ulaya ambayo mwenye kuyachukua hajui maana yake.

Nawe mwalimu, Jumatatu ijayo anza kuuliza maswali kutoka chini ya orodha.