Kushindilia Ubao wa Mchikichi

Mchikichi, mti wenye asili ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, hupandwa kwa ajili ya mawese, wala si kwa ajili ya mbao. Katika mashamba makubwa ya Malesia na Indonesia, michikichi hukatwa ifikapo umri wa miaka 25 hivi, kwa kuwa imerefuka mno na mazao yake yamepungua. Magogo mengi huachwa yaoze shambani, na humo huzaliana mbawakawa wenye pembe, ambao hushambulia michikichi michanga.

Kwa nini basi hayapasuliwi mbao? Sababu imo katika umbile lake. Mchikichi ni wa kundi moja na mahindi na muwa. Hauna pete za mwaka. Shina lake ni nyuzi ngumu zilizotawanyika kati ya seli laini zenye maji na wanga. Karibu na ganda nyuzi zimesongamana, katikati zimeachana. Kwa hiyo gogo moja hutoa ubao mgumu pembeni, na katikati ubao mwepesi ambao hujikunja unapokauka.

Dawa mojawapo ni kuushindilia, kama pamba inavyoshindiliwa guniani. Msongamano ni uzito uliomo katika ujazo fulani. Ubao wa kilo 300 kwa mita moja ya ujazo, unene wake ukipunguzwa kutoka sentimita 4 hadi 2 bila kutanuka pembeni, hufikia kilo 600. Hakuna kilichoongezwa, kilichopungua ni uwazi tu.

Mpangilio wa kazi ni lazima ufuatwe. Kwanza ubao hukaushwa. Kisha hulainishwa kwa mvuke na joto, hukandamizwa kati ya mabamba ya moto, na hupozwa ungali umebanwa. Ukibanwa ukiwa baridi na mkavu, kuta za seli huvunjika. Ukiachiwa ungali moto, hufura tena.

Ubao ulioshindiliwa vema huwa mgumu zaidi na hustahimili mzigo zaidi. Lakini haukusahau umbo lake la kwanza: ukilowa, huelekea kulirudia. Ili kuuzuia, huchomwa kwa mvuke wa joto kali zaidi, au hunyweshwa gundi ya fenoli kabla ya kubanwa. Njia ya kwanza ikizidi huudhoofisha ubao. Ya pili huongeza gharama. Pasipo kinga hiyo, ubao huo unafaa samani za ndani, si paa wala daraja. Hata hivyo, kila meza inayotokana na gogo la kutupwa yaweza kupunguza haja ya kukata miti ya msituni.