Nilivyoua hesi za supachaja, nikataka kuzuga!

Leo naomba tuweke kando habari za mapenzi na mitindo ya nywele, kwani kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwaka 2018 na nisipolitoa litanivimbia. Ni habari ya bolti moja. Ndiyo, bolti! Usicheke, maana bolti hiyo, nyembamba kuliko kidole chako, nusura iniharibie kazi, na ingeweza kuharibu familia ya mtu.

Wengi mnaosoma safu hii hamjui kwamba kabla ya kushika kalamu nilishika spana. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kutazama mara mbili ukidhani umekosea namba, nikaenda kuwa spanaboi kwenye gereji moja ya uchochoroni kule Ilala, Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuosha spea, kufuata chai na, siku nikiaminiwa, kufungua na kufunga bolti.

Basi bwana, wiki moja ikaletwa Toyota Corolla Levin, ile ya milango miwili, yenye injini ya 4A-GZE. Kwa asiyejua magari, hiyo ni injini ya lita 1.6 yenye supachaja, ambayo Toyota waliitoa mwaka 1986. Supachaja ni pampu ya hewa. Injini yenyewe inaizungusha kwa mkanda, nayo inashindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi na petroli ikaongezwa kulingana nayo, gari linaondoka dereva akiwa amebanwa kwenye kiti.

Mwenye gari hakutosheka. Alitaka puli ya kwenye krenki itolewe, iwekwe kubwa zaidi. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Tuseme puli ya krenki ina upana wa milimita 150 na ya supachaja milimita 100. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, supachaja inazunguka mara 9,000. Ukiweka chini puli ya milimita 165, supachaja inapanda hadi 9,900. Hewa inaongezeka, lakini joto nalo linaongezeka. Ndiyo maana Mzee, fundi wetu mkuu, alimwonya kwamba puli kubwa na petroli mbovu havikai nyumba moja, injini itagonga mpaka pistoni itoboke. Jamaa akakubali masharti yote. Jumamosi alfajiri alikuwa na safari ya Morogoro, karibu kilomita 200, yeye, mkewe na mtoto wao wa miaka 2.

RACHETI NA BOMBA

Alhamisi usiku Mzee alikuwa ameshafunga puli mpya na kuvika mkanda mrefu zaidi. Akaniachia kazi moja tu, nayo ni kurudisha bolti ya breketi ya ile rola inayokaza mkanda. Ni bolti ya milimita 8, inaingia kwenye tundu lililotobolewa ndani ya aluminiamu. Kazi ya dakika tano.

Sasa mimi washkaji walikuwa wananisubiri Buguruni kwenye muziki, na simu ilikuwa inalia kila dakika. Badala ya kuianzisha bolti kwa vidole, nikaipachika kwenye racheti moja kwa moja. Ikaingia upande. Nikaona nzito, nikasema huo ni uchafu tu. Nikachukua kipande cha bomba, nikakivika kwenye mpini ili nipate nguvu zaidi. Ikalia krrr! Halafu ikawa laini kama kijiko kwenye uji.

Aliyewahi kushika spana anaujua ulaini ule, kijasho chembamba lazima kikutoke. Nikaichomoa bolti, nikakuta vipande vya aluminiamu vinang'aa katikati ya hesi zake, yaani ile mikato ya mzunguko inayong'atana na mikato ya ndani ya tundu. Bolti ni chuma, tundu ni aluminiamu. Wakigombana hao wawili, aluminiamu ndiyo inayolia. Hesi za tundu zilikuwa zimekufa.

Hapo shetani akanionyesha kabatini gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili. Nikaipaka, nikaisukuma bolti mpaka mwisho, nikafuta pembeni vizuri. Ukiitazama huwezi kujua kitu. Nikazuga, nikazima taa, nikaenda zangu Buguruni. Lakini muziki haukuingia masikioni. Kila nikifumba macho namwona yule mtoto kwenye kiti cha nyuma.

KIDOLE KIMOJA

Ijumaa saa 12 asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mzee. "Shikamoo Mzee." "Marahaba, mbona mapema?" Nikamwambia yote, nikitazama kandambili zangu.

Mzee hakunipiga wala kunitukana. Tulipofika gereji alichukua spana fupi, akaiweka kwenye ile bolti, akasukuma kwa kidole kimoja. Gundi ikakatika, tak! Bolti ikatoka kama jino bovu. "Hii ndiyo uliyotaka ishike mkanda mpaka Morogoro?" akaniuliza.

Kisha akanieleza. Rola ile inavutwa na mkanda muda wote, tena kwenye joto na mtetemo. Gundi ingeachia, pengine wakati jamaa analipita lori kule Chalinze. Breketi ikilegea, puli zinatoka kwenye mstari, mkanda unaliwa ukingo, unaruka na kuchapa chochote kilicho karibu, hata mipira ya maji. Maji yakimwagika, injini inachemka. Yote hayo sababu ya bolti moja na haraka ya muziki.

Akanipa simu yake. "Mpigie mwenye gari. Mwambie wewe mwenyewe." Heri angenipiga makofi! Nikapiga. "Kaka, mimi yule kijana wa gereji. Nimeharibu hesi kwenye gari lako, nikataka kuficha." Kimya. Kisha akauliza, "Itapona leo?" Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Itapona, kaka." "Basi iponeni, dogo. Nabeba mtoto."

TIBA YENYEWE

Wewe mwenye gari, isome vizuri sehemu hii ili usidanganywe. Hesi zikifa kwenye aluminiamu, njia ni kadhaa. Kama tundu ni refu na hesi za ndani kabisa bado nzima, bolti ndefu kidogo inaweza kuzifikia. Letu lilikuwa limeishia hapo. Unaweza pia kutoboa na kuweka bolti nene zaidi, lakini tundu la breketi nalo itabidi lipanuliwe, na ukuta wa aluminiamu unabaki mwembamba. Unaweza kujaza kwa kuchomelea, kisha utoboe upya, lakini hapo lazima kipande kizima kishuke.

Mzee akachagua koili, ile ambayo wengine huiita Helicoil kwa jina la kampuni. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, umesokotwa kama springi, nje unashika aluminiamu na ndani unatoa hesi mpya za saizi ileile ya bolti. Nikatumwa Gerezani kwa fundi mchongaji mwenye seti nzima. Pesa ikatoka kwenye posho yangu, na hapo ndipo nilipokoma.

Kwanza tulipaka grisi kwenye ncha ya drili ili vumbi la aluminiamu linase pale pale. Tukatoboa kwa drili ya milimita 8.3, Mzee ameshika, mimi nimepiga magoti pembeni naangalia isiinamie upande wowote, maana tundu likipinda hakuna koili itakayolinyoosha. Ikafuata tepu maalumu ya kukatia hesi za koili. Tukaidondoshea mafuta ya taa, tukaizungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili vipande vikatike na kutoka. Hapo hakuna haraka. Tukapuliza kwa kompresa hadi tundu likawa safi.

Koili yenyewe, urefu wa milimita 12, tuliizungusha kwa kifaa chake mpaka ikazama chini kidogo ya uso wa tundu. Pale chini ina kijiti cha kushikwa na kifaa. Ukimaliza unakigonga kinakatika, nawe unahakikisha umekitoa. Kisha Mzee akanipa bolti mpya. "Vidole," akasema. Nikaizungusha kwa vidole, ikaingia bila ubishi mpaka karibu na mwisho. Ndipo akanipa spana ya kupimia mkazo, akaiweka kwenye kipimo cha kitabu cha gari, ikalia klik, nikaacha. Bomba langu alikuwa amelitupa jalalani.

Nilishangaa aliponiambia kwamba tundu lile sasa ni imara kuliko lilipotoka kiwandani. Koili inashika aluminiamu kwa upana mkubwa zaidi, na bolti inang'atana na chuma kigumu, si laini tena.

Jumamosi saa 11 alfajiri jamaa akaja. Hakusalimia sana. Akafungua boneti, akasema, "Nionyeshe hiyo bolti yako." Nikamulika kwa simu. Akaigusa, akanitazama, akafunga boneti. Mkewe alikuwa amekaa mbele, mtoto amelala nyuma. Siku ile nzima sikula vizuri, hadi saa 2 usiku simu ya Mzee ilipoita. Wamefika Morogoro tangu asubuhi na wamekwishatembelea ndugu. Akaongeza kwamba kuanzia siku ile gari lake nilifunge mimi. Hadi leo sijui kama alikuwa anatania.

Spana niliiacha mwaka uliofuata, lakini hata nikifunga kitanda bolti naianza kwa vidole. Nawe ukimpelekea fundi gari, akikwambia "hapa nimeharibu," usimrukie kwanza. Muogope yule asiyewahi kuharibu kitu. Kwa leo naishia hapa, tukutane wiki ijayo.