Puli na Mkanda wa Mashine ya Kukata Mabua: Piga Hesabu Kabla ya Kufunga



Mvua zetu za Dodoma huanza Desemba na kuisha Aprili. Miezi inayobaki mifugo huishi kwa nyasi kavu na mabua. Bua zima la mahindi au mtama ng'ombe hunyofoa majani, shina analikanyaga na kulikojolea. Likikatwa vipande hula sehemu kubwa zaidi, hasa likichanganywa na mashudu ya alizeti kidogo. Ndiyo maana vikundi vya wafugaji hununua mashine ya kukata mabua.

Lakini mashine hizo mara nyingi huuzwa bila injini. Kikundi kina injini ya dizeli iliyokuwa ikiendesha pampu au mashine ya kusaga, basi fundi anaambiwa aunganishe. Anafunga puli aliyoikuta. Mashine inawaka, watu wanapiga makofi, na hakuna aliyeuliza visu vinazunguka kwa kasi gani.

Kasi hupatikana vipi

Mkanda ukipita inchi moja kwenye puli ya injini, unapita inchi moja vilevile kwenye puli ya mashine. Kwa hiyo puli ndogo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi. Ni kama mtoto anayeandamana na baba yake kwenda mnadani: wanafika pamoja, lakini mtoto amepiga hatua nyingi.

Hesabu yake inafanyika kwenye simu yoyote. Zidisha kasi ya injini kwa kipenyo cha puli yake, kisha gawanya kwa kasi inayotakiwa na mashine. Jibu ni kipenyo cha puli ya mashine. Kipenyo pima kutoka ukingo hadi ukingo ukipitia katikati ya puli.

Kasi huandikwa kwenye kibao cha bati kilichobandikwa kwenye injini na kwenye mashine. Tafuta namba iliyo karibu na herufi rpm au r/min, yaani mizunguko kwa dakika. Tuseme injini yako imeandikwa 2200, puli yake ni inchi 5, na mashine ya kukata inataka 900. Mara 5 ni 11,000. Gawanya kwa 900, unapata inchi 12 na kidogo. Nunua puli ya inchi 12, na visu vitazunguka kama mara 917 kwa dakika. Hiyo inafaa.

Sasa tuseme fundi amefunga puli ya inchi 6 iliyobaki kwenye mashine ya kusaga. 11,000 gawanya kwa 6 ni zaidi ya 1,800, yaani mara mbili ya kasi iliyotakiwa. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayovuta kisu kitoke kwenye bolti zake huongezeka mara nne. Bolti iliyotengenezwa kushika mzigo mmoja sasa inashika minne. Inaweza kuvumilia wiki, inaweza kuvumilia msimu. Siku ikikatika, kisu hutoboa bati na kuruka upande ambao kuna mtu.

Wengine husema, “Tutaendesha kwa mafuta kidogo.” Siushauri mpango huo. Injini iko uwanjani, na kijana yeyote anaweza kuvuta moto ili kazi iishe haraka. Piga hesabu kwa kasi kamili ya injini.

Mashine za kuchomelea mitaani mara nyingi hazina kibao. Muulize aliyeitengeneza kabla hujalipa, akuandikie kasi yake kwenye risiti. Asiyejua kasi ya mashine yake mwenyewe, usinunue kwake.

Kasi ndogo mno nayo ina hasara zake: mabua yanasokotana badala ya kukatika, mkanda unateleza na kutoa harufu ya mpira ulioungua. Ila usitafute dawa kwa kufunga puli ndogo sana. Mkanda wa herufi B unahitaji puli isiyopungua inchi 5. Ukikunjwa zaidi ya hapo hupasuka mapema.

Kwa upande wa mnyama, vipande viwe vya sentimita 2 hadi 5. Mabua yaliyosagwa kuwa unga hayamfanyi ng'ombe acheue vizuri, na asiyecheua hana mate ya kutosha kutuliza tumbo lake.

Urefu wa mkanda

Mikanda ya pembe hupewa herufi na namba. Herufi ni upana: A ni milimita 13 kwa juu, B ni 17, C ni 22. Mkanda uwe sawa na mfereji wa puli. Ukizama hadi chini ya mfereji hautashika kitu, kwa sababu unashika kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Namba ni urefu kwa inchi, lakini ni urefu wa ndani, na hapa ndipo watu hurudi dukani mara mbili.

Weka injini mahali itakapokaa. Zungusha kamba juu ya kingo za puli zote mbili, uipime. Kwa puli za inchi 5 na 12, zikiwa zimeachana inchi 30 katikati hadi katikati, kamba itafika kama inchi 87. Huo ni urefu wa nje. Kwa mkanda wa B ondoa inchi 3 kwa ajili ya unene wake, ubaki na 84. Dukani omba B84.

Matundu ya kufungia injini yawe marefu, ili isogezwe mbele wakati wa kuvalisha mkanda na irudishwe nyuma kuukaza. Kuulazimisha kwa mtaimbo hukata nyuzi zake za ndani. Kisha nyoosha kamba usoni mwa puli zote mbili. Igusane nazo bila kupinda, la sivyo mkanda utalika upande mmoja.

Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, kwa umbali huu ushuke kama milimita 12. Ukikaza kupita hapo, beringi zitapata moto na kufa kabla ya mkanda. Ukiteleza usiupake oili wala sabuni. Kaza, au nunua mwingine. Puli yenye mifereji miwili badilisha mikanda yote kwa pamoja, maana mpya ukikaa na wa zamani uliolegea, mpya ndio utakaobeba mzigo wote.

Angalia pia mshale kwenye mashine. Kama injini inazungusha kinyume, igeuze ikae upande wa pili. Mkanda wa pembe haupindwi msalaba.

Kinga

Mkanda na puli vifunikwe kwa wavu wa chuma kabla ya kuwasha siku ya kwanza. Nasema siku ya kwanza kwa sababu kila kikundi huahidi kuweka wavu baada ya mavuno. Shuka, khanga au ncha ya kitenge ikishikwa na mkanda, mwenye nguo huvutwa kabla hajapiga kelele. Anayelisha mashine avae nguo za kubana, avue shanga za mkononi, na asukume mabua ya mwisho kwa bua jingine, si kwa kiganja. Watoto wapelekwe mbali, hata kama ndio wanaobeba mabua. Mashine ikikwama, zima injini na usubiri visu visimame kabisa ndipo ufungue. Vinaendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya mlio kuisha.