Muziki wamfaa daktari, wamtatiza muuguzi

Mwaka wa 1914, daktari Evan Kane wa Pennsylvania, Marekani, aliisifu santuri aliyoiweka katika chumba chake cha upasuaji kwa kuwaliwaza wagonjwa. Siku hizi anayeliwazwa ni daktari mwenyewe. Majaribio yaliyofanyiwa madaktari 50 wa upasuaji mwaka wa 1994 yalionyesha kuwa waliosikiliza nyimbo walizojichagulia walitulia, wakapiga hesabu haraka na kwa usahihi zaidi.

Lakini ilikuwa maabara: hapakuwa na mgonjwa wala muuguzi wa kuagizwa mkasi. Mwaka wa 2015, watafiti wa Imperial College London, waliochunguza video za operesheni 20, walibaini kwamba muziki ukichezwa, maagizo yalirudiwa mara nyingi zaidi. Na aghalabu anayeamua sauti iwe ya juu au ya chini ni daktari, si muuguzi anayetega sikio.