Dawa Isiyowekwa Akiba

Mtu anunuaye dawa ya kikohozi aweza kuiweka kabatini miezi mingi isipungue nguvu. Lakini iko dawa moja ambayo kila saa sita zipitapo, nusu ya nguvu yake imekwisha kutoweka. Jina lake ni teknesi-99m. Hata hivyo, katika uchunguzi wa hospitali utumiao vitu vitoavyo miali, dawa hii hutumika karibu mara nane katika kila kumi.

Kazi yake si kuponya, bali kuonyesha. Huchanganywa na kitu kinachovutwa na kiungo kinachotafutwa, kama mifupa, moyo au figo, kisha mgonjwa hudungwa kiasi kidogo mshipani. Ikifika mahali pake hutoa miali ya gama, na kamera iliyo nje ya mwili huipokea miali hiyo na kufanya picha. Hivyo daktari hujua kama saratani imeingia mifupani, au kama damu haifiki sehemu fulani ya moyo, pasipo kutumia kisu. Kwisha kwake upesi ni faida kwa mgonjwa, maana miali haimkai mwilini siku nyingi.

Faida ya dawa hii ilionekana kwa sababu ya uchafu. Katika miaka ya 1950, katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, Walter Tucker na Margaret Greene walikuwa wakisafisha iodini-132. Waliona kitu kigeni kimeingia katika kazi yao. Hawakuridhika kukitupa tu, bali walikichunguza asili yake, wakakuta ni teknesi-99m, mtoto wa molibdeni-99. Wakaunda chombo cha kuitenga, na mwaka 1960 mwenzao Powell Richards akatangaza kwamba yafaa kutumiwa na waganga.

Mpaka leo dawa hii hupatikana hasa kwa njia hiyo. Vipande vya urani hutiwa ndani ya mtambo wa atomiki kwa siku kadhaa. Urani ikipasuka, katika kila mipasuko mia hupatikana molibdeni-99 mara kama sita. Kisha vipande hivyo huyeyushwa katika asidi au soda kali, ndani ya vyumba vyenye kuta nene sana. Mafundi husimama nje, hutazama kwa dirisha la kioo kizito chenye madini ya risasi, na kufanya kazi kwa mikono ya chuma. Molibdeni huchujwa mara kwa mara mpaka iodini, stronti na mabaki ya urani yatoke, kwa kuwa uchafu ukiingia mwilini humdhuru mgonjwa bure.

Muda wote huo saa haisimami. Molibdeni nayo hupungua nusu kwa saa 66, yaani karibu sehemu moja katika mia kila saa. Kwa hiyo hupelekwa kwa ndege na motokaa usiku na mchana, ikiwa imefungwa katika vyombo vizito. Hospitalini hukaa ndani ya mtungi mdogo wenye unga wa alumina. Kila asubuhi fundi hupitisha maji ya chumvi. Teknesi hutoka pamoja na maji, na molibdeni hubaki. Wenyewe huuita mtungi huo "ng'ombe", na kazi hiyo "kukamua". Maziwa hayo hupimwa kwanza, ili ijulikane kwamba molibdeni haikupenya.

Hatari yake ilidhihirika mwaka 2009. Mwezi wa Mei mtambo wa Chalk River, nchini Kanada, ulisimamishwa kwa sababu ya kuvuja, na mwezi wa Februari 2010 mtambo wa Petten, Uholanzi, ukafungwa nao kwa matengenezo. Hospitali nyingi zikapungukiwa, na wagonjwa wakaambiwa wangoje. Mitambo iliyosalia, kama ule wa SAFARI-1 wa Pelindaba, Afrika Kusini, ilibidi ibebe mzigo mkubwa zaidi. Mtambo wa Chalk River ulirudi kazini Agosti 2010, ukafungwa kabisa Machi 2018.

Wahenga walisema, "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako." Nafaka yaweza kulindwa ghalani kungojea mwaka wa njaa; dawa hii haina ghala. Ghala lake ni mitambo mingi isiyosimama kwa pamoja, na mikono ya mafundi wanaoisafisha upya kila juma.