Faili zikitoweka kwenye flashi, usikimbilie kuiformati

MWANAFUNZI amekesha akikamilisha tasnifu yake. Asubuhi anaingia katika saiba ili aichapishe, lakini anapofungua diski yake ya flashi, kazi yote imetoweka. Mahali pa folda zake pamejaa vijipicha vyenye mshale mdogo pembeni.

Mhudumu anamshauri aiformati diski hiyo ili kuangamiza virusi. Kabla hajakubali, heri atazame jambo moja: nafasi iliyotumika. Ikiwa diski yaonekana tupu ilhali tarakilishi inaonyesha kwamba imekaribia kujaa, basi faili hazijaenda popote. Zimefichwa tu, na zinaweza kurejeshwa kwa amri chache zinazochapwa kwa kibodi.

Mfumo wa Windows huambatisha alama kadhaa kwa kila faili. Herufi H huonyesha kwamba faili imefichwa, S kwamba ni mali ya mfumo wenyewe, na R kwamba ni ya kusomwa tu. Kirusi huzipa folda zako alama za H na S ili zisionekane, kisha huunda njia za mkato zenye majina yale yale. Ukizibofya ukidhani ni folda zako, wewe mwenyewe ndiwe unayekiendesha kirusi hicho.

Zamani virusi vya aina hii vilitegemea faili iitwayo autorun.inf, ambayo iliielekeza tarakilishi kuendesha programu fulani pindi diski ilipochomekwa. Windows 7, iliyotolewa mwaka wa 2009, iliziba mwanya huo kwa diski za flashi. Mnamo Februari 2011, kampuni ya Microsoft ilisambaza marekebisho kama hayo kwa watumiaji wa Windows XP na Vista. Hila ya njia za mkato haihitaji mwanya huo, kwani humsubiri mwenye diski abofye.

Ili kuzifichua faili zako, chomeka diski lakini usibofye chochote ndani yake. Tazama imepewa herufi gani. Katika mfano wetu tutatumia E. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha ubonyeze Enter. Dirisha jeusi la amri litafunguka. Andika:

dir /a E:\

Amri hii haibadilishi kitu. Huorodhesha tu kila kilichomo, kiwe kimefichwa au la. Ukiona majina ya folda zako, tulia. Wakati mwingine kirusi huzikusanya zote katika folda moja ambayo jina lake ni nafasi tupu, kwa hivyo usishtuke ukikuta folda inayoonekana kana kwamba haina jina. Sasa andika:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Alama ya kutoa iliyo mbele ya h, s na r huondoa zile alama tatu. Sehemu ya /s huiambia tarakilishi iingie hadi katika folda za ndani, na /d huzijumuisha folda zenyewe. Ukiambiwa kwamba huruhusiwi kuigusa folda ya System Volume Information, iache. Hiyo ni ya Windows.

Folda zako zikishaonekana, nakili kazi yako mahali pengine kabla ya kufuta lolote. Nakili hati na picha unazozitambua pekee, wala si zile njia za mkato au programu usizozijua.

Hatua ya kufuta ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu faili inayofutwa kwa amri ya del haipitii pipa la taka. Ikienda imeenda. Kwa hivyo ongeza /p, ambayo huilazimisha tarakilishi kukuuliza kuhusu kila faili:

del /p E:\*.lnk

Jina la kila njia ya mkato huishia kwa .lnk hata kama Windows haionyeshi herufi hizo. Jibu Y ili kufuta au N ili kuacha. Andika herufi ya diski ndani ya amri yenyewe, na uisome tena kabla ya kubonyeza Enter. Kosa la herufi moja laweza kukupeleka kwenye diski ya C, ambako Windows hukaa.

Huko, faili nyingi zimefichwa kwa sababu njema. Bila bootmgr, tarakilishi nyingi zilizotumia Windows 7 hazingewaka. Nayo folda ya AppData, ambayo pia hufichwa, huhifadhi mipangilio ya programu zako. Kufichwa si ushahidi wa hatia.

Somo hilo liliwagharimu wengi mwaka wa 2002. Ujumbe ulisambazwa kwa barua-pepe ukionya kwamba faili iitwayo jdbgmgr.exe, yenye picha ya dubu mdogo, ilikuwa kirusi, na kwamba yafaa ifutwe mara moja. Waliotafuta waliipata, kwani ilikuwa faili halali iliyokuja na Windows. Wakaifuta kwa mikono yao. Hapakuwa na kirusi chochote ila ule ujumbe wenyewe.

Kwa wanaotumia Linux, faili hufichwa kwa kuanza jina lake na nukta. Amri ya ls -a huzionyesha, nayo rm -i huuliza kabla ya kufuta. Kanuni ni ile ile: tazama kwanza, futa baadaye.

Hatimaye, kusafisha flashi pekee hakutoshi. Tarakilishi iliyoiambukiza ingali na kirusi, na itaiambukiza tena utakapoichomeka. Ikague kwa programu ya kupambana na virusi iliyosasishwa, na uikague diski yako kila inapotoka katika mashine ya umma. Zaidi ya yote, kazi uliyoitolea jasho isikae mahali pamoja pekee. Mwanafunzi mwenye nakala ya pili nyumbani hana haja ya kutetemeka mbele ya mhudumu wa saiba.